Jahazi la mita 18 limekaa mchangani miaka 4: linafaa kuwa ukumbi wa taarab na filamu?

mwana_wa_Funguni

Assalaam alaykum wakuu. Kikundi chetu cha sanaa hapa Unguja kimepewa jahazi lililokuwa likibeba mizigo. Vipimo: urefu mita 18, upana mita 5.5, kutoka sitaha hadi ngama (chini kabisa tumboni, maji yanapokusanyika) mita 2.2. Limekaa juu ya mchanga miaka 4, limelalia ubavu wa kushoto, halijafunikwa. Mlingoti mzima, foromali (mti wa kutundikia tanga) imekatika. Kisu kinaingia kirahisi karibu na fashini (boriti ya nchani) na chini ya sitaha upande wa omo (mbele), kwingine mbao ni ngumu. Misumari mingi imezungukwa na weusi.

Tunataka liwe ukumbi wa taarab, ngonjera na filamu, watu 80, likifungwa karibu na ufukwe. Wazo letu ni jukwaa juu ya sitaha na paa la mabati. Mtu mmoja ametushauri tumwage zege kwenye ngama ili liwe zito na lisivuje. Mwingine anasema tusilirudishe majini kabisa, tulijengee nchi kavu. Tuanzie wapi, na zipi kati ya hizi ni ndoto?

Chembeu

Wa alaykumu s-salaam. Chombo cha mbao hakiozeshwi na bahari, kinaozeshwa na mvua. Chumvi huhifadhi mbao. Maji ya mvua yanayopenya nyufa za sitaha na kutuama juu ya mataruma (mbavu za chombo) ndiyo yanayozaa ukungu, na ndiyo maana kisu chako kimeingia chini ya sitaha. Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi yeyote, tandikeni turubai. Liinuliwe katikati kwa boriti, lisiguse mbao, na omo na tezi (nyuma) ziachwe wazi upepo upite. Ukilibana kama mzigo wa karafuu, utalipika kwa joto lake lenyewe.

Pili, lisimamisheni. Magadi (nguzo za kuegemeza) yakae chini ya mataruma, si kwenye ubao mtupu ulio kati ya taruma na taruma, maana ubao huo utasukumwa ndani. Wekeni gadi kila mita 2 pande zote mbili, na magogo chini ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo). Kisha vuteni uzi ubavuni mwa mkuku, kutoka omo hadi tezi, mpime kila mita 1. Kwa chombo kilicholala miaka 4 mtakuta ncha zimeshuka na katikati kumepanda. Kabari zigongwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Anayetia jeki na kunyoosha kwa siku moja hung'oa misumari yote ya ubao wa kwanza juu ya mkuku, na hilo hamtaliona mpaka siku ya kushusha.

Kuhusu ukaguzi, kisu peke yake hakitoshi. Gonga kwa nyundo ndogo kila sentimita 30. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyooza inajibu kama boga. Halafu toboa kwa keke, biti ya milimita 6, uangalie unga unaotoka: unga mweusi ulio na maji ni kuoza, na vishimo vyenye ngozi nyeupe ya chokaa ndani ni mdudu wa baharini. Mdudu huyu tundu lake la kuingilia ni dogo kama kichwa cha pini, ndani anachimba handaki la unene wa kidole, kwa hiyo ubao ulio laini usoni unaweza kuwa mtupu moyoni. Mtafuteni kwenye mkuku na mbao 3 za chini.

Weusi kuzunguka misumari ni kutu inayokula mbao. Ng'oeni misumari 10 sehemu tofauti. Kama imekonda kiunoni, pale ubao unapokutana na taruma, safu nzima ibadilishwe hata kama vichwa vinang'aa. Msumari mpya usipite tundu la zamani: tundu hilo lizibwe kwa kigingi cha mbao kilichochovywa mafuta, msumari utobolewe pembeni. Chini ya kichwa zungusha uzi wa pamba uliolowa sifa (mafuta ya samaki) kabla ya kupiga. Na msichanganye chuma na shaba chini ya mstari wa maji. Chuma ndicho kitakacholiwa, na haraka.

Mataruma yaliyooza msiyatoe yote kwa pamoja. Toa moja, ruka mawili, weka jipya, ndipo urudi. Ukiyatoa matano mfululizo jahazi linasahau umbo lake. Mlilana na mkomafi hutoa vipande vilivyopinda kwa asili, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Ukikata taruma lililopinda kutoka ubao ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika na litapasuka pale pale penye kona. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo anzeni kibali mapema. Viungo vya mbao zinazopakana visikutane kwenye taruma moja, viachane kwa mataruma 3 angalau.

Sasa kosa ambalo huharibu kazi nzuri kuliko yote. Chombo kilichokauka miaka 4 kina nyufa pana kati ya mbao. Fundi mwenye pupa hujaza pamba na kuigonga kwa chembeu mpaka inakuwa ngumu kama jiwe. Likishuka majini mbao zinavimba, pamba haina pa kwenda, na kinachoachia ni misumari, au taruma linakatika. Funikeni magunia pande zote na kuyamwagia maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki 2 au 3. Ya bahari, si ya bomba. Nyufa zikijibana ndipo mkalafati, yaani mzibe kwa pamba, na pamba ikubali kubonyea kidogo kwa kidole.

Kushusha ni siku za bamvua (maji yanapojaa zaidi), na mjipange kufua maji. Siku 3 hadi 7 za kwanza litavuja hata kama kazi ni nzuri. Pampu 2, kila moja na chanzo chake cha umeme, na mtu wa zamu usiku. Kinachoangaliwa ni mwendo wa uvujaji: ukipungua kila siku, ni mbao zinavimba. Ukibaki vilevile siku ya 4, kuna msumari uliosahaulika.

Chini ya mstari wa maji pakeni deheni, chokaa iliyochekechwa na shahamu iliyoyeyushwa, ikandwe mpaka iwe kama unga wa chapati uliolegea. Kila miezi 3 au 4 lipandishwe, lichomwe kwa makuti makavu kuua mdudu, lipakwe upya. Juu ya mstari wa maji ni sifa. Ila sifa inanuka, na wageni wenu wanakuja na baibui za harusi. Pakeni wiki 3 kabla ya msimu wa maonyesho, na ndani ya ukumbi tumieni mafuta ya kitani badala yake.

Timazi

Chembeu ameongea ya mbao, mimi niongee ya watu 80. Jibu fupi ni kwamba jukwaa juu ya sitaha, watu 80 na paa la mabati kwa pamoja havikai kwenye jahazi hili.

Jahazi la mizigo lilichongwa likae chini likiwa na tani za chokaa au boriti tumboni. Ukilitoa mzigo linaelea juu kama kifuu, na ukiongeza umati juu ya sitaha unapandisha kitovu cha uzito mahali ambapo mchongaji hakukusudia. Kipimo chenyewe ni GM, yaani umbali kati ya kitovu cha uzito na ile nukta ambayo chombo huning'inia kwayo kinapolala upande. Ikiwa kubwa chombo kinarudi upesi, ikiwa ndogo kinarudi kwa uvivu, ikiwa hasi hakirudi.

Hesabu ya mfano, nikichukulia uzito wote ni tani 50. Watu 60 kwa kilo 75 ni tani 4.5. Wote wakihamia upande mmoja, wastani mita 1.5 kutoka katikati, nguvu ya kulipindua ni tani-mita 6.75. GM ikiwa mita 0.5, jahazi linalala takriban nyuzi 15. GM ikiwa mita 1.0, ni karibu nyuzi 8. Kanuni za kimataifa za meli za abiria zinataka lisizidi nyuzi 10 watu wakijazana upande mmoja. Kwa GM ya 0.5 mwisho wenu ni watu 39, na mimi ningeandika 35 mlangoni. Watu 80 mnawataka, basi GM lazima ipite mita 1.0 wakiwa tayari wamo ndani. Na msiseme watakaa vitini. Bibi harusi akiteremka kwenye mashua upande wa kulia, hakuna atakayebaki kitini. Kivuko cha MV Nyerere, Ziwa Victoria, mwaka 2018 kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara.

Kuipata GM halisi hakuhitaji mashine. Siku ya maji tulivu, kamba zimelegezwa, ngama imekaushwa, chukua mifuko 6 ya saruji (kilo 300) uihamishe mita 4 kutoka ubavu hadi ubavu. Ning'iniza timazi ya mita 2 tumboni, ncha yake ikiwa ndani ya ndoo ya mafuta isicheze. Kwa tani 50, timazi ikisogea sentimita 9.6 GM ni 0.5, ikisogea 4.8 ni 1.0. Rudia upande wa pili na uchukue wastani. Uzito wa jahazi unapatikana kwa kupima sehemu iliyozama kila mita 1, hiyo mpeni mhandisi wa vyombo, msikisie. Kipimo cha haraka cha kila wiki: litikise, hesabu mara 10 linavyokwenda na kurudi, gawa kwa 10. Kwa upana wa mita 5.5, sekunde 4.4 ni GM ya karibu 1.0, sekunde 6.2 ni karibu 0.5. Likianza kuwa zito kurudi, tafuta maji ngamani.

Maji hayo ni adui kuliko watu wanavyodhani. Yakiwa kimo cha kifundo cha mguu tu, yakitandaa mita 10 kwa mita 3 na kuteleza huru, yanakuibia karibu mita 0.45 ya GM. Yaani yote uliyokuwa nayo. Ubao wa kugawa katikati kwa urefu hupunguza wizi huo hadi kama mita 0.11. Uwekeni, na pampu kila upande.

Mpango ambao ningeutetea ni huu: watazamaji wakae tumboni, si juu. Toeni sehemu ya sitaha ya katikati muongeze mlango wa mzigo, sakafu ya mbao zinazonyanyuka juu ya ngama, mabenchi yaliyofungwa kwa bolti, njia katikati. Watu hao hao waliokuwa hatari juu wanakuwa sehemu ya farumi (uzito wa chini unaotuliza chombo). Ila msikate mihimili ya sitaha bila kuweka fremu nene kuzunguka tundu, maana ndiyo inayozuia mbavu zisifunguke. Ngazi 2, moja omo moja tezi, kila moja upana wa watu 2. Sitahani wabaki waimbaji na wapigaji tu.

Mabati hapana. Upepo wa mita 13 kwa sekunde ukigonga ukuta na paa lenye eneo la mita 25 za mraba unasukuma kama kilo 250 huko juu, na bado hujahesabu uzito wa mbao za paa. Rudisheni foromali, mtandaze turubai juu yake. Kusi ikikaza, turubai linashuka kwa dakika 5. Bati halishuki.

mwana_wa_Funguni

Ahsanteni sana, nimeanza na turubai. Hamjagusa zege, na hili la nchi kavu. Jengo la nchi kavu si lingetuondolea hesabu zote hizi?

Chembeu

Zege hapana, hata kidogo. Inashika mataruma na kufunika ngama, maji yanaingia kati ya zege na ubao na hayatoki, wala hakuna mtu atakayeona kinachooza chini yake. Na siku ya kubadilisha ubao mmoja mtahitaji mtaimbo na wiki nzima. Farumi iwe mawe ya mviringo yanayobebeka na mtu mmoja, yaliyooshwa, yaliyopangwa juu ya vipande vya mbao ili maji yapite kwenda kwenye pampu. Kila mwaka yatolewe, ngama isuguliwe.

Nchi kavu mnakwepa hesabu ya Timazi, lakini mnaiua mbao polepole. Hapa jua la Januari linakausha upande mmoja na kuacha mwingine, mbao zinajikunja, pamba inadondoka, na baada ya miaka michache mna kibanda chenye umbo la jahazi. Ikibidi, basi liwe chini ya paa kubwa lisilogusa chombo, na kumwagiwa maji ya bahari kama desturi.

Nyanza_Chuma

Naingilia kidogo kutoka upande wa meli za chuma, maana swali la nchi kavu na majini limejibiwa kwa njia zote mbili huko nje. SS Robin, meli ya mvuke iliyojengwa London mwaka 1890, mabati yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba kuifanya ielee kungemaanisha kubadilisha sehemu kubwa ya mwili wa asili. Wakaipandisha nzima juu ya pantoni ya chuma: pantoni inaelea, meli inabaki ilivyo. Kwa upande wa pili kuna MS Stubnitz, meli ya kuhifadhi samaki kwa baridi ya kundi la uvuvi la Ujerumani Mashariki, ya mwaka 1964, mita 80, ambayo tangu 1992 ni ukumbi wa muziki na sanaa na bado ni meli inayosafiri. Vyumba vya kuwekea samaki, vilivyokuwa na kinga ya kutunza baridi, ndivyo kumbi zake. Kinga ile ile inazuia sauti. Pantoni kwa jahazi la mbao inawezekana, ila mnarudi kwenye tatizo la kukauka.

Kwa wanaofikiria meli za chuma za maziwa: pimeni unene wa mabati kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, nukta nyingi zaidi kwenye mstari wa maji na chini ya vyoo na jiko, kwani huko ndiko kutu hupenda. Na kabla ya kusaga rangi au kubomoa ndani, sampuli zipimwe risasi na asbesto. Mitambo ya zamani msiitupe. Ipakeni grisi nene mfunge. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa makusudi mwaka 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi mitambo ikiwa imepakwa grisi, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927.

Waya_Mkavu

Umeme. Jenereta ibaki nchi kavu. Kwa spika 2, mikisa, projekta na taa za LED mnahitaji kama kilowati 2. Kebo ya kutoka ufukweni iwe ya mpira inayonyumbuka, milimita 4 za mraba kwa mita 50. Ya 2.5 inabeba, ila volti zitashuka zaidi. Kati ya jenereta na jahazi wekeni transfoma ya kutenganisha, kisha kikata-umeme cha miliampia 30 kwa kila mzunguko. Bila transfoma, njia ya ardhi inaunganisha misumari na bolti zenu na chuma cha gati, na kutu aliyoisema Chembeu inakwenda mbio. Soketi zote ziwe juu ya usawa wa goti, hakuna kiungo cha waya ngamani. Taa za njia na ngazi ziwe za volti 12 kutoka betri yake, ziwake zenyewe umeme ukikatika.

Jiko la mkaa halipandi. Shahamu, pamba, mafuta ya kitani: mmejenga utambi wa mita 18. Matambara ya mafuta ya kitani yatandazwe yakauke nje au yalowekwe majini, yakirundikwa huwaka yenyewe.

Sauti ndani ya tumbo la mbao ni tamu kwa udi na fidla, ila besi inaitikisa sakafu, kwa hiyo spika ziketi juu ya mpira na zielekee tezi. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, isilale chomboni: ngozi yake inalegea kwa unyevu na mpigaji atapoteza nusu saa akiifunga nyuzi upya. Projekta nayo ishuke kila usiku. Chumvi inaanza na feni.

Timazi

Nimesahau daraja la kupandia. Kwenye bamvua maji ya Unguja yanapanda na kushuka karibu mita 4. Ukitaka mteremko wa mita 1 kwa kila mita 4, daraja ni la mita 16, na hakuna atakayewalipia. Njia rahisi ni kalenda. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kama saa 10 jioni na kupwa kabisa mnamo saa 4 usiku, yaani onyesho linaanza watu wakipanda vizuri na linaisha jahazi limekaa mchangani, daraja limesimama kama ngazi ya mnazi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yanajaa mnamo saa 4 usiku na hayashuki sana. Wekeni maonyesho ya usiku siku hizo, na mbalamwezi mpevu muwaachie wa mchana.

Na kama mtalifunga mahali linapokaa mchangani kila maji yakipwa, kagueni kitanda chake kwa mikono wakati wa maji makavu. Jiwe moja la kichwa cha mtoto chini ya ubao, chombo kikishuka nalo mara 2 kwa siku, linatoboa ndani ya wiki.

mwana_wa_Funguni

Nimeelewa. Tutaandika watu 35 mpaka kipimo cha saruji kifanyike. Choo je?

Chembeu

Nchi kavu.

Timazi

Nchi kavu. Na kabla hamjakata hata ubao mmoja wa sitaha, mpelekeeni mchoro mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini, aone tundu mnalotaka kulifungua na ngazi zenu 2. Akiukataa mchoro mmepoteza karatasi. Akilikataa jahazi mmepoteza mihimili.